Kamba chini ya tepu

Kidani cha kwanza cha rola dabi nilichotengeneza, mteja alikipokea akasema kizuri sana, akalipa bila kuomba apunguziwe hata mia, afu miezi miwili nzima sikumuona amekivaa hata siku moja. Na tulikuwa tunaonana karibu kila wiki manake alikuwa anakaa mtaa huu huu wetu. Mtu wa kazi za mikono akiona hivo anaelewa, haulizi.

Mi ni sonara hapa Kampala. Mzaliwa wa Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala, kwetu ni Wanubi kwa hio Kinubi na Kiswahili nimevikuta nyumbani, Kiganda nimekiokota shuleni na barabarani. Kazi nimefundishwa na mzee mmoja wa Kihindi pale Old Kampala, familia yake ni wale waliofukuzwa 1972 wakati wa Amin, yeye akarudi miaka ya 90 akaanza upya na kimeza kidogo nyuma ya duka la ndugu yake. Tulikuwa tunaongea Kiswahili mimi na yeye, ananiita beti, yaani binti, mi namuita Mzee. Miaka minne. Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia na kukusanya vumbi la fedha chini ya meza, manake lile vumbi ni mali, linayeyushwa tena, na akigundua nimelitupa na takataka basi siku hio haongei na mimi mpaka jioni.

Nilijua pete za ndoa, hereni, vikuku, vipini vya pua, mikufu. Rola dabi nilikuwa sijawahi hata kuisikia.

Kwa asiyeijua, ni mchezo wa viatu vya magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma, unachezwa kwenye njia ya duara lililorefuka kama yai. Ulianza Chicago mwaka 1935, aliyeuanzisha anaitwa Leo Seltzer, na mwanzo wake zilikuwa mbio tu za kuzunguka na kuzunguka, kumbe watu walikuwa wanapenda zaidi pale wachezaji wanapogongana. Baadae ukafifia, afu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa Austin, Texas wakaufufua, wakawa wanauendesha wenyewe, na kuanzia 2004 vikundi vikaanza kuungana mpaka kikawa chama kinaitwa WFTDA ambacho kanuni zake ndo zinafuatwa sehemu nyingi duniani. Uwanjani kila upande una watu watano. Mmoja ni jama, huyo ana nyota kwenye kofia, wengine wanne ni mabloka, yaani wazuiaji, na mmoja kati yao anaweza kuwa pivoti, yeye kofia yake ina mstari. Kazi ya jama ni kupenya katikati ya mabloka wa upande wa pili, akishapenya mara ya kwanza anazunguka anarudi tena, na kuanzia hapo kila mpinzani anayempita nyonga ni pointi. Raundi moja haizidi dakika 2. Jama aliyetoka wa kwanza akipigapiga nyonga zake kwa mikono, raundi inakatwa hapo hapo.

Sa mimi haya yote nimekuja kuyajua baadae. Siku ile alipokuja yule dada, nesi, mtu wa Kanada, alinionyesha picha moja tu kwenye simu, kiatu cha rola, akasema anataka kitu cha dabi cha silva. Nikamwambia hakuna shida nyabo, rudi wiki ijayo.

Nikakata bamba la milimita moja na nusu, kiatu kizuri, nikachora kamba za kiatu kwa tindo, nikakiweka juu ya duara refu lenye nyota tatu zinakimbiana na mikia nyuma. Nilijivunia kwa kweli. Kumbe nimekosea mara mbili na makosa yenyewe yanaonekana na kila mchezaji toka mbali. La kwanza, breki. Hapa Kampala vijana wa rola wamejaa, wale wanaopita katikati ya magari, wengine wanashika lori kwa nyuma wanavutwa, nawaona kila siku, lakini rola zao ni za magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja na breki iko kisiginoni. Mimi nikaweka breki kisiginoni. Viatu vya dabi breki yake iko mbele kwenye vidole, kama kizibo kikubwa cha mpira, na mchezaji anaitumia muda wote, anaisimamia, anaikimbilia kama kwato. Kosa la pili, zile nyota zangu zilikuwa zinakimbia kufuata mwendo wa saa. Dabi inazunguka kinyume na saa. Daima.

Yule dada hakuniambia hata moja, kwa heshima.

Halafu akaanza kufundisha wasichana jioni kwenye uwanja wa basketi, sakafu ya simenti, rola za mitumba toka soko la Owino, pedi za magoti za watu wawili wanapokezana. Akanikaribisha nije nione. Nikaenda kuona. Jumamosi ya tatu nikawa nimevaa rola mwenyewe, umri wangu huu, na mama yangu mkubwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni anashika mkoba wangu.

Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye dabi ni kuanguka. Unaangukia magoti, unajikunja uwe mdogo, na vidole unavifunga ngumi haraka sana manake nyuma yako kuna mtu anakuja na magurudumu. Siku hio hio nikavua pete zangu zote nikampa mama mkubwa, na hapo kichwani kwangu kitu kikageuka. Nilikuwa nafikiria nitawatengenezea wachezaji pete za kuchezea. Hapana. Pete uwanjani inaweza kunasa ikaondoka na ngozi ya kidole, au kidole kikavimba pete haitoki mpaka ikatwe. Kwa hio mapambo ya dabi yanavaliwa nje ya uwanja, kwenye taxi, hivi vibasi vyetu, ya kurudi nyumbani, ofisini Jumatatu, wakati mtu yuko mbali na mchezo. Nikawa najiuliza, sasa mtu akiwa mbali na mchezo anataka kubaki na nini mkononi?

Jibu lilinijia kupitia mguu.

Yule dada alikuwa anachora njia kwa chaki, afu juu ya chaki analaza kamba nyembamba, afu juu ya kamba anabandika tepu. Nikadhani kamba ni ya kuongeza unene tu ili tepu ionekane. Siku moja najifunza kukaa kwenye ukuta wa mabloka, tumeshikana mabega, macho yote nyuma kumwangalia jama, na magurudumu yangu ya kulia yakapanda ule mstari, nikahisi ile kamba chini, tuk, tuk, ndani ya mfupa wa mguu kabisa. Ndo nikaelewa. Kamba imewekwa ili ujue umefika ukingoni bila kuangalia chini. Mchezaji wa dabi mpaka wa uwanja anaujua kwa mguu. Mi sikulala usiku ule, kwa sababu kamba iliyosokotwa ndo kitu sonara yeyote anakijua kutengeneza kabla hajajua kitu kingine! Waya mbili, unazisokota, basi. Kamba ya fedha ipo kwenye vikuku vya bibi zetu toka zamani.

Nikachukua waya mbili za milimita 0.8, nikazipasha moto zilainike, mwisho mmoja nikabana kwenye jiliwa mwingine nikafunga kwenye drili ya mkono nikasokota polepole mpaka ikawa kamba ya kubana vizuri. Nikaizungusha pembeni ya duara refu, nikalehemu. Ikaharibika. Lehemu ilijaa kwenye mifereji yote ya kamba ikawa laini kama tambi, yale matuta ndo yamekwenda. Nikarudia, ikajaa tena. Mara ya tatu nikamkumbuka Mzee, alikuwa anasema lehemu inafuata joto kama paka, itakwenda pale penye moto zaidi. Mimi nilikuwa napiga moto juu, kwenye kamba. Nikaweka vipande vya lehemu vidogo kama mbegu za simsim upande wa ndani tu, nikainua kazi juu ya wavu, nikapiga moto kutokea chini, kwenye bamba. Lehemu ikakimbilia bamba, ikashika kamba tumboni, mgongo ukabaki na matuta yake yote.

Hapa niseme kitu kuhusu jua letu, kwa sababu limenigharimu. Silva tunayotumia ni ile 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha na iliyobaki ni shaba. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 962 hivi, hii yenye shaba inaanza kulegea mapema, kwenye 893 imeshakuwa maji. Ukitaka kuilainisha unaipasha mpaka iwe nyekundu ya mbali, nyekundu ya kaa linalokufa, unaacha kabla haijawa ya machungwa. Sasa kibanda changu kina bati juu na mbele kumefunguka, saa nane mchana Kampala mwanga unaingia mpaka mezani, na wekundu ule hauonekani kabisa, unaona fedha bado nyeupe unaendelea kupiga moto, ghafla inang'aa kama kioo inaanguka. Nimeyeyusha vidani viwili vilivyokwisha hivo hivo. Siku hizi nalehemu ndani ya boksi la mbao nililolipaka rangi nyeusi, limelala ubavu, kazi iko ndani kivulini. Na nikitaka kulainisha tu nachora mstari wa kalamu ya maka juu ya fedha, mstari ukipotea naacha. Kama unaanza kazi hii na huna kivuli, tengeneza kivuli kwanza kabla hujanunua chombo kingine chochote.

Kile kidani cha kamba nilimpelekea yule dada bila bei. Hakukiangalia sana. Alipitisha kidole gumba pembeni, akazunguka nacho duara zima, afu akanitazama. Akakivaa pale pale. Wiki iliyofuata ndo akanieleza habari ya breki na mwelekeo wa nyota, tena kwa aibu kana kwamba kosa ni lake. Mama mkubwa alikuwepo, akasema mbona upande wenu huo wa kuzunguka ndo upande wa tawafu, kushoto kwako ndani, kulia nje. Toka siku hio sijakosea tena, nikishika kalamu kuchora njia ya dabi bega langu la kushoto linajua.

Baada ya hapo wasichana wakaanza kuja wenyewe, na wao hawana pesa nyingi, na mi nikaweka utaratibu ambao mpaka leo sijauacha. Sikubali picha. Mtu akija nampa kiti, nampa chai, namwambia nieleze raundi moja, au dakika moja, unayoikumbuka. Wengine wanashangaa, wanataka tu nyota. Nyota nitakukatia, ndio, nyota ni ngumu kukata kuliko unavodhani ile pembe ya ndani inavunja wembe wa msumeno kila saa, unatakiwa kutoboa katundu kwanza kwenye kila pembe na kupaka wembe nta ya nyuki, lakini nyota ya jama wote ni moja. Dakika yako ni yako.

Kuna binti mmoja, mwanafunzi, mkali sana uwanjani, aliniambia anachokumbuka ni kukaa kwenye kiti cha adhabu. Ukifanya kosa kwenye dabi unatolewa unakaa sekunde 30, wenzako wanacheza wakiwa pungufu, na makosa saba unatolewa mchezo mzima. Yeye kila mazoezi alikuwa anakaa pale mara tano, sita. Akasema mwanzoni alikuwa anakaa analia kwa hasira, baadae akaanza kuhesabu, moja mpaka thelathini, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu kumkalisha chini bila kumpiga. Alivosema hivo nikaweka kikombe chini.

Nikamwambia nitakutengenezea kikuku chenye mikato 30. Basi.

Kikuku kilichofunguka, urefu wa bamba sentimita 15, kwa hio mkato kila milimita 5, hesabu inakaa vizuri kabisa kama imeandikiwa yeye. Nikapima kwa bikari, nikakata kwa tupa ya pembe tatu upande mmoja wa ukingo. Nilipomaliza nikahesabu nikapata 31. Nikahesabu tena, 31. Nilikuwa nimekata na kwenye sifuri, pale bamba linapoanzia. Mtu mwingine asingejua, lakini huyu atahesabu, tena atahesabu akiwa na hasira, na wa thelathini na moja utamchanganya. Sikuweza kuuziba, kikuku kile kikarudi kwenye kalibu nikaanza upya na siku mbili zimepotea. Cha pili kina 30. Mkato wa kwanza na wa mwisho nilichonga mipana kidogo kuliko mingine ili kidole kijue kimefika bila kuangalia, ile ile akili ya kamba. Alinieleza juzi kwamba anakihesabu kwenye taxi, jam ya Wandegeya, kondakta akimtukana kuhusu chenji.

Gurudumu linalozunguka ndo lilinitesa kuliko yote. Magurudumu mengi ya rola za dabi kipenyo chake ni milimita 59 au 62, nikagawa kwa nne nikapata kama 15, saizi nzuri ya hereni. Kulitengeneza si kazi. Kazi ni lizunguke. Ukilehemu ekseli, lehemu inaingia ndani inashika kila kitu. Ukitumia ribiti na kuigonga nyundo mpaka itanuke, inabana gurudumu linakuwa sanamu. Nilikaa nalo wiki. Nikaenda Katwe kwa mafundi wa chuma, pale kuna mzee anatengeneza bawaba za mageti, nikamwonyesha kadude kangu kadogo kwenye kiganja akacheka akaita wenzake waje waone, afu akanielekeza bure: weka karatasi kati ya gurudumu na ubavu kabla ya kugonga, gonga mpaka libane kabisa, afu loweka maji, karatasi itatoka na nafasi yake itabaki. Karatasi ya daftari la shule tu. Nikatumia tyubu ndogo badala ya waya mzima ili mdomo wake utanuke kirahisi. Linazunguka mpaka leo. Nilimpelekea mzee wa Katwe kuku, akakataa, nikamwachia mke wake.

Watu wengine wanataka beringi yenyewe, ile halisi iliyotoka kwenye kiatu chake, siyo mfano. Beringi za rola nyingi ni saizi moja, 608, upana wa nje milimita 22 na tundu la 8, kwa hio ukishatengeneza kikombe kimoja cha kuikalia umeshajua vipimo vya karibu zote. Lakini ni chuma. Usiiweke kwenye moto, ugumu wake utaisha na grisi iliyobaki ndani itatoa moshi wa ajabu. Na usiitie kwenye asidi ya kusafishia fedha. Mi niliitia, kwa haraka, pamoja na hereni za mtu mwingine zilizokuwa mle, na chuma kikiingia kwenye ile asidi iliyokwisha kula shaba basi shaba yote inatoka inakwenda kukaa juu ya fedha. Hereni za mteja zilitoka na rangi ya waridi. Nilisugua mpaka saa sita usiku. Kwa sababu hio hio koleo la chuma haliingii mle, natumia kibano cha shaba, wengine wanatumia cha mianzi. Beringi nasafisha kwa mafuta ya taa, nakausha, kikombe cha fedha nakimaliza kabisa na kukisugua, halafu ndo beringi inaingia baridi mwishoni nakunja ukingo juu yake kwa mkono.

Kuhusu kupata fedha yenyewe nitasema kidogo, manake inaniuma. Kuna muuzaji aliniuzia waya umegongwa 925 kabisa, bei nafuu, nikafurahi. Ilikuwa ile wanaita silva ya Kijerumani, ni shaba na nikeli na zinki, fedha hamna hata chembe. Nilijua baada ya kuwa nimeshawapa watu watatu mali yangu. Niliwarudishia wote. Sasa kila mzigo ukiingia nakwaruza kwa tupa sehemu isiyoonekana, natia tone la asidi ya naitriki, ikitoka kijani ya povu basi mzigo unarudi. Muhuri ni nyundo tu, hata mimi ninao.

Na sarafu. Watu wa kwetu wanapenda kuleta sarafu za zamani ziyeyushwe. Bibi wa mmoja wa wachezaji, haboba kabisa wa Bombo, alimpa mjukuu wake shilingi tatu za Afrika Mashariki, zile za King George zenye simba na milima nyuma yake, akasema mtengenezee nyota avae kwenye mchezo wake huo wa kuanguka. Niliwahi huko nyuma kuyeyusha mbili za namna hio, nikapata donge jekundu linapasuka ukiligonga, kwa sababu zile shilingi za kuanzia 1921 mpaka 1946 robo tu ndo fedha, asilimia 25, iliyobaki zaidi ni shaba. Siyo kama zile riale za Maria Theresa zilizoandikwa 1780, zile ziko kwenye 833, bibi zetu walizivaa kifuani na waliozifua hawakujuta. Nikamwambia binti, simba huyu nikimyeyusha nitampa haboba wako kitu kibaya. Tukakubaliana, shilingi moja nikaikalisha nzima ndani ya ukingo wa kamba, simba kwa mbele, na kwa nyuma nikalehemu nyota ndogo kwenye kikombe kabla sarafu haijaingia, inagusa ngozi haionekani na mtu. Nikataka matuta ya kamba yaonekane vizuri, kwa hio ukingo wa fedha nikauweka kwenye chupa pamoja na yai la kuchemsha lililokatwa, nikafunga kizibo usiku mzima. Kiini cha yai kina salfa, fedha inageuka nyeusi kama ya makaa. Asubuhi unasugua migongo inang'aa, mabonde yanabaki meusi. Hakuna dawa ya kuagiza nje inayonishinda nikiwa na mayai.

Kwenye bei nimejifunza kwa uchungu lakini haraka. Nilikuwa natoza kwa gramu. Kikuku cha mikato 30 kina gramu chache na siku nne za maisha yangu, sa hizi nahesabu gramu na siku, mbali mbali, namwandikia mteja kwenye karatasi aone zote mbili. Nilidhani watakimbia. Wachezaji hawakukimbia, wao wanajua mazoezi ni nini.

Pete nimeanza kuzitengeneza tena, za kuvaliwa baadae. Napima kidole jioni baada ya mazoezi kikiwa kimejaa damu, siyo asubuhi, na pete pana naongeza nusu saizi. Kuna mmoja kidole chake cha kati kilivunjika kwenye mazoezi kikaunga kibaya, fundo limekuwa nene kuliko mzizi, pete ikipita fundo inacheza huko chini. Nimemtengenezea iliyofunguka yenye ncha mbili, zinapishana hazigusani, inafinywa kila akivaa. Aliuliza kama naweza kuificha ile sehemu iliyopinda. Nikamuuliza dakika ipi, akanieleza, ilikuwa siku aliyotoka jama wa kwanza mara yake ya kwanza, alikuwa hajui kama kimevunjika mpaka alipojaribu kupigapiga nyonga kukata raundi na mkono ukakataa. Sikuificha. Zile ncha mbili nimezifanya viganja viwili vidogo vimelala, kimoja kimefikia na kingine bado.

Yule dada wa Kanada mkataba wake uliisha mwezi uliopita. Tulimsindikiza Entebbe, watu kumi na mmoja kwenye taxi moja na mabegi. Pale nje akavua kofia ya nyota akampa yule binti wa mikato 30, afu akanipa mimi kimfuko cha nguo. Ndani mlikuwa na kidani changu cha kwanza, kile cha breki ya kisiginoni, na beringi nane alizozitoa kwenye viatu vyake usiku ule. Akasema kiatu kiyeyushe ukitaka, beringi utajua mwenyewe za nani. Mimi sikuweza kusema kitu, mama mkubwa ndo alimshika mkono akamwombea dua ya safari.

Kiatu nimekiyeyusha jana, nikavuta waya, nimeshausokota, uko mezani. Beringi ziko kwenye kopo la mafuta ya taa, saba zimeshalegea. Hii ya nane kila nikiizungusha bado inatoa mchanga wa uwanja wetu.